Taa ya Gari si Globu Tu: Mwanga, Kamera na Macho Mapya ya Magari Yetu

Ukitoka Arusha saa moja jioni kwenda Moshi, njia nne zinakupa raha hadi Tengeru. Baada ya hapo barabara inabana, magari yanakuja uso kwa uso, na kuanzia Usa River hadi Bomang'ombe unaendesha umekunja uso kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Ijumaa moja, mbele kidogo ya Kikatiti, Noah ilinijia na taa nyeupe pee. Nikaipigia fulu mara mbili dereva apunguze. Akanijibu kwa kuwasha fulu yake, na hapo ndipo nilipojua kwamba ule mwanga wa kwanza ulikuwa dimu. Alipopita, macho yangu yalikuwa yameingia kiwi na sikuona kitu. Yaliporudi, kulikuwa na mzee anakokota baiskeli yenye madumu mawili ya maziwa, ubavuni mwangu kabisa, karibu kiasi kwamba niliiona kamba ya mpira aliyofungia dumu la nyuma.

Dereva yule hakuwa na nia mbaya. Aliweka dimu, kama inavyotakiwa. Lakini dimu yake haikuwa dimu tena, na nina hakika mwenyewe hakujua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza mabishano ya taa kwa makini, kwa mafundi wa umeme wa magari, stendi, hata nyumbani. Mmoja anasema LED zipigwe marufuku. Mwingine anasema ni macho yako mzee, nenda ukapime. Wa tatu anasema magari mapya yana sensa, yanajionea yenyewe, shida ni haya ya zamani. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila maneno wanayotumia hayana maana moja. Anayesema LED anaweza kumaanisha globu iliyonunuliwa dukani ikachomekwa jana, au taa nzima iliyotoka na gari kiwandani. Anayesema sensa anaweza kumaanisha vile vidoti vya mviringo kwenye bampa, au kamera iliyojificha nyuma ya kioo cha mbele. Ni vitu tofauti kabisa.

Basi tuanze na maneno. Globu ni chanzo cha mwanga tu, kile kinachowaka. Taa ni chombo kizima: globu, bakuli la ndani linalong'aa kama kioo, kioo au plastiki ya mbele, na skrubu zinazoelekeza chombo hicho juu, chini na pembeni. Globu inatoa mwanga kila upande bila mpangilio. Kazi ya kuukusanya na kuupeleka barabarani ni ya bakuli na lensi. Ukilikumbuka hilo peke yake, nusu ya mabishano ya stendi yameisha.

Kisha kuna wingi wa mwanga na ukali wa mwanga. Fikiria bomba la kumwagilia bustani. Likiachwa wazi, maji yanadondoka miguuni mwako. Ukibana mdomo wake kwa kidole gumba, maji yale yale yanaruka hadi kwenye migomba ya mwisho. Wingi wa mwanga unaotoka kwenye globu hupimwa kwa lumeni. Ukali wake kuelekea upande mmoja hupimwa kwa kandela. Maboksi ya globu madukani huandika lumeni kwa herufi kubwa, kwa sababu lumeni ndizo zinazouza. Kinachokutia kiwi ni kandela zilizoelekezwa machoni mwako.

Dimu si fulu iliyopunguzwa nguvu

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa, nami nilijikwaa kwa miaka. Nilidhani dimu ni fulu iliyofifishwa, kama kupunguza utambi wa kandili. Sivyo.

Chukua globu ya H4, ile ya halojeni yenye miguu mitatu iliyojaa kwenye Hiace, Noah na magari mengi tunayoyajua. Ilianza kutumika mwaka 1971. Ndani yake kuna nyuzi mbili. Wa fulu ni wa wati 60, wa dimu ni wa wati 55. Tofauti ya wati tano tu! Kama dimu ingekuwa suala la kupunguza nguvu, wati tano zisingemsaidia mtu yeyote.

Siri iko kwenye kikombe. Ukiishika globu ya H4 kwenye mwanga wa mchana, chini ya uzi mmoja utaona kijibati kidogo kilichokunjwa kama kijiko kisicho na mpini. Kijiko hicho kinauzuia mwanga wa uzi wa dimu usigonge nusu ya chini ya bakuli, kwa sababu nusu hiyo ndiyo ambayo ingeurusha juu, kwenye macho ya anayekuja. Mwanga unabaki kugonga nusu ya juu tu, ambayo inaushusha barabarani. Ndiyo maana dimu nzuri ikimulika ukuta huacha mstari: chini mwanga, juu giza, kama maji yaliyofika kipimo kwenye ndoo. Upande mmoja wa kijiko umekatwa mshazari, hivyo mstari ukutani unapanda kidogo upande mmoja ili kumulika ukingo wa barabara, anakopita mtembea kwa miguu na mzee wa baiskeli.

Kwetu upande huo ni kushoto. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo taa za gari lililotoka huko zinapanda mahali sahihi. Gari lililotengenezwa kwa nchi inayoendesha kulia, kama Ujerumani au Falme za Kiarabu, taa zake zinapanda kulia, na kulia kwetu ndiko anakotoka mwenzako. Usukani unaweza kuhamishwa na taa zikabaki vile vile. Ukinunua taa iliyotumika peke yake, bila gari, swali la kwanza kwa muuzaji liwe ilitoka nchi gani.

Sasa chomoa globu hiyo, weka ya LED. LED ni kipande kidogo cha kioo-fuwele kinachotoa mwanga umeme ukipita ndani yake, bila uzi wa kuchemka. Ile nyeupe kwa kweli ni ya bluu: kipande chenyewe kinatoa mwanga wa bluu, juu yake kuna unga wa manjano unaoubadilisha sehemu yake, na mchanganyiko huo jicho linauona mweupe. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua LED ya bluu. Bila wao tusingekuwa na taa nyeupe za aina hii kwenye simu, nyumba wala magari. Gari la kwanza kuuzwa na dimu za LED lilikuwa Lexus LS 600h, mwaka 2007.

LED yenyewe haina kosa. Taa ya LED ya kiwandani imechorwa kuanzia mwanzo kwa ajili ya LED, na bakuli na lensi zake zinajua mwanga unatoka wapi. Kosa linaanza pale globu ya LED inapowekwa kwenye bakuli lililochorwa kwa ajili ya uzi. Uzi wa halojeni ni mwembamba, una urefu wa milimita chache, unang'aa kuzunguka pande zote, na uko mahali palipopimwa. Globu nyingi za LED za kuchomeka zina vipande bapa vilivyobandikwa pande mbili za bati, vimekaa kando kidogo ya pale uzi ulipokuwa, na kile kijiko ama hakipo ama hakifanani. Ukitofautiana kwa milimita moja ndani ya bakuli, utaona ni kitu kidogo. Lakini mwanga ukipanda kwa digrii moja tu, umbali wa mita 50 umeshapanda sentimita 87. Ni kutoka gotini hadi kifuani. Ongeza nyingine kidogo, uko machoni.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba taa zenye projekta, zile zenye jicho la mviringo la kioo, hazina shida hiyo. Kuna ukweli hapo, kwa sababu ndani ya projekta kuna bati la kukata mwanga lisilotegemea globu, na mstari unabaki. Hata hivyo mgawanyo wa mwanga chini ya mstari unavurugika: mbele ya bampa panang'aa kama mchana, mbali panakuwa hafifu. Dereva anafurahia mng'ao wa karibu huku uwezo wake wa kuona mbali umepungua.

Na weupe? Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Halojeni iko karibu na 3,200, LED nyingi za magari ziko kati ya 5,500 na 6,500. Namba hiyo ni ya rangi, haisemi lolote kuhusu wingi. Mwanga unaoelekea bluu huudhi macho zaidi kwa nguvu ile ile, na kiwi huwasumbua zaidi watu wazima ambao lensi ya jicho imeanza kuingia ukungu. Kwa hiyo anayekwambia ni macho yako mzee amesema kweli nusu, akaacha nusu ya pili, kwamba barabara ni ya wenye macho yote.

Kwa nini nalisisitiza hili? Piga hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini anahitaji kama sekunde moja na nusu tangu aone kitu hadi mguu ukandamize breki; mita 33 zimekwenda. Breki nzima kwenye lami kavu zinakula mita nyingine 35 hivi. Jumla ni mita 68. Dimu ya kawaida humulika vizuri mita 50 au 60, upande wa kushoto zaidi kidogo. Yaani kwa mwendo huo, usiku, hata kama hakuna aliyekutia kiwi, tayari unaendesha kupita pale unapoona. Kwa kilomita 50 kwa saa jumla inashuka hadi mita 35 hivi, na dimu inatosha. Mtu akikutia kiwi kwa sekunde tatu, kwa mwendo wa 80 umesafiri mita 66 gizani. Mboni ya jicho husinyaa haraka mwanga ukija, lakini hufunguka polepole ukiondoka.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawajawahi kuligusa. Magari mengi yana kigurudumu karibu na goti la dereva, upande wa kulia wa usukani, chenye namba 0 hadi 3 au zaidi. Kazi yake ni kushusha taa gari likibeba mzigo. Noah ikijaza abiria na magunia nyuma, mkia unakaa chini, pua inainuka, na dimu iliyokuwa sahihi asubuhi inakuwa inamulika matawi ya miti. Nimeuliza madereva wa vifodi na Noah wasiopungua kumi. Wawili tu walijua kigurudumu kile ni cha nini.

Taa zinazojiamulia

Wazo la gari kushusha taa lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1952 General Motors ya Marekani iliweka kwenye Cadillac na Oldsmobile kifaa kilichoitwa Autronic Eye, kijicho juu ya dashibodi kilichohisi mwanga wa gari linalokuja na kubadilisha fulu kuwa dimu. Mwaka 1967 Citroën DS ya Ufaransa ikawa na taa zinazogeuka pamoja na usukani, zikimulika kona kabla gari halijafika. Vifaa hivyo vilikuwa na akili ndogo, na kile cha Cadillac kilikuwa kinadanganyika kwa taa za mtaani.

Kilichobadilisha mambo ni LED na kamera kukutana. Kwa kuwa LED ni ndogo, unaweza kupanga nyingi ndani ya taa moja, kila moja ikimulika kipande chake cha barabara. Fikiria kwaya imesimama gizani, kila mwanakwaya ana tochi yake na kaonyeshwa sehemu yake ya ukuta. Mtu akipita mbele, mwenye tochi inayomlenga usoni anazima yake, wengine wanaendelea. Mtu anatembea katika kijisehemu cha giza kinachomfuata, huku ukumbi wote unang'aa. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi taa zinazoitwa matriksi, ambazo Audi ilizileta kwenye A8 mwaka 2013, kila taa ikiwa na LED 25 za fulu. Kamera nyuma ya kioo inaona magari, kompyuta inazima LED zinazoyalenga. Mwaka 2018 Mercedes-Benz ikaenda mbali zaidi kwa taa yenye vioo vidogo sana zaidi ya milioni moja, kila kimoja kikigeuka chenyewe. Marekani, kwa jinsi kanuni zake zilivyoandikwa, haikuruhusu taa za kujigawa namna hii hadi mwaka 2022.

Kwetu zinafika kwa mlango wa magari yaliyotumika, bila kitabu cha maelezo, au na kitabu cha Kijapani. Kinachofuata nimekishuhudia. Jirani yangu hapa Njiro alipata gari la aina hiyo, akatoka nalo usiku, akaona kipande cha kulia cha mwanga kinazimika na kuwaka. Fundi akamwambia taa inakufa, ikiwezekana atafute nyingine. Taa ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inawastahi wenzake.

Kijumba kidogo cha mviringo juu ya dashibodi, karibu na kioo, nacho kina wanaokionea. Kinapima mwanga wa nje ili taa ziwake zenyewe jioni. Japani tangu Aprili 2020 modeli mpya zinatakiwa kuwa nacho. Ukitandaza kitambaa cha manyoya juu ya dashibodi umekifunika, na gari litaamini ni usiku saa sita mchana.

Gari linaonaje?

Turudi kwenye neno sensa. Vidoti vya kwenye bampa vinatumia sauti isiyosikika na binadamu, kama popo, na uwezo wao ni wa mita chache. Rada inatumia mawimbi ya redio, mara nyingi imejificha nyuma ya nembo ya gari. Hivyo viwili havitumii mwanga. Vinavyotumia mwanga ni kamera na laida.

Kamera ni jicho. Haina mwanga wake, inategemea jua, taa za barabarani au taa za gari lenyewe. Ili ijue umbali, Subaru walitumia njia ya mwili wetu: macho mawili. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba, fumba jicho moja kisha jingine. Kidole kinaruka dhidi ya ukuta. Kisogeze karibu na pua, kinaruka zaidi. Ukijua kimeruka kiasi gani, na macho yako yamepishana kiasi gani, unajua kiko umbali gani. Mfumo wao wa EyeSight, wa gari kushika breki lenyewe, ulioanza Japani mwaka 2008, una kamera mbili pande mbili za kioo cha ndani cha dereva, na unafanya hesabu hiyo mfululizo. Forester nyingi zinazozunguka Arusha zinao.

Laida yenyewe huleta mwanga wake. Ni mwangwi. Ukipaza sauti bondeni, ukahesabu muda hadi sauti irudi, unajua ukingo wa pili uko mbali kiasi gani. Laida hurusha mpwito mfupi wa leza usioonekana kwa macho na kusubiri urudi. Kwa sababu mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kitu kilicho mita 30 mbele hurudisha mpwito ndani ya sehemu 200 za bilioni ya sekunde. Saa ya kupima muda huo ndiyo uvumbuzi wenyewe. Leza ni sehemu rahisi. Baadhi ya Toyota ndogo za Japani kuanzia 2015 zina leza ya namna hii, ya kiwango cha chini, pamoja na kamera moja, ndani ya kiboksi cheusi juu ya kioo cha mbele. Audi A8 ya 2017 ndiyo ilikuwa ya kwanza kuuzwa na laida inayopekua eneo lote la mbele.

Kiboksi hicho cheusi ndicho kinachonipa wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu ya vioo. Arusha ni mji wa vioo kupasuka. Kokoto moja kutoka tairi la lori kwenye barabara ya vumbi, na kioo kimechora buibui. Tunakibadilisha, fundi anakirudisha kiboksi mahali pake kwa gundi, gari linaondoka. Lakini kamera ni kama globu ya H4: uvumbuzi wote uko kwenye mahali. Ile digrii moja iliyopandisha dimu sentimita 87 kwa mita 50 inaihamisha kamera kiasi kile kile. Gari la njia yako linaonekana liko njia ya pembeni, au la pembeni linaonekana liko mbele yako. Baada ya kubadilisha kioo, kamera inatakiwa ipimwe upya kwa ubao maalumu wa shabaha na kompyuta. Asiyeweza kupata huduma hiyo ni afadhali auzime mfumo kwa kitufe chake na kuendesha akijua hauko, kuliko kuuamini wakati haujui unaangalia wapi. Kioo chenyewe kiwe kile chenye eneo safi mbele ya kamera, si chenye mawimbi wala stika ya kivuli iliyoshuka hadi hapo.

Kitambua mvua kina kisa hicho hicho. Ndani yake kuna LED ya mwanga usioonekana inayopiga kioo kwa mshazari, na mwanga unarudi ndani wote kioo kikiwa kikavu. Tone la mvua likikaa nje, sehemu ya mwanga inatorokea humo, kinachorudi kinapungua, waipa zinaanza. Kati ya kifaa na kioo kuna kipande laini kama jeli. Kikirudishwa na kiputo cha hewa, waipa zitafagia kioo kikavu kiangazi kizima.

Imani inayorudi kila mara ni kwamba gari lenye kamera linaona usiku kama paka, na kwenye ukungu pia. Kamera ya kawaida haioni kile ambacho taa hazijamulika, na ukungu wa Marangu au wa ukingo wa Ngorongoro unaipofusha kama unavyokupofusha wewe. Nyingi hujizima zenyewe na kuwasha alama ya njano. Zipo kamera za joto zinazoona mwili wa mtu bila mwanga wowote, na Cadillac DeVille iliziuza tangu modeli ya 2000, lakini ni chache sana katika magari yetu. Mifumo ya kushika breki imefundishwa kutambua magari, na mingi ya baadaye watu na baiskeli. Mbuzi anayevuka ghafla King'ori hajaahidiwa chochote.

Taa za kujishusha nazo zina upofu wao. Zinatafuta mianga: nyeupe inayokuja, nyekundu inayokwenda. Bodaboda isiyo na taa ya nyuma haipo machoni mwao, na mtu anayetembea hana taa kabisa. Fulu itaendelea kumpiga usoni. Mkono wako bado una kazi.

Kwa ukungu, wengi huamini rangi ya njano inapenya. Ufaransa iliamuru taa za njano kuanzia miaka ya 1930 hadi 1993, kwa hiyo imani hiyo ina ukoo. Ila matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi; hutawanya zote karibu sawa. Kinachosaidia ni taa kukaa chini na kumulika kwa upana, chini ya utando. Fulu kwenye ukungu ni kumulika shuka lililotundikwa mbele ya boneti.

Uvumbuzi wa bei ya soda

Nimeongelea vifaa vya gharama, na ingekuwa dhuluma kuacha kile ambacho kingemwokoa yule mzee wa maziwa hata mbele ya gari bovu. Rusha mpira kwenye kona ambapo kuta mbili zinakutana na sakafu: utagonga, utagonga, utakurudia wewe, popote uliposimama. Kiakisi mwanga cha nyuma ya baiskeli kimejaa kona ndogo kama hizo. Mwanga wa gari unarudi kule kule ulikotoka, kwenye macho ya dereva yule yule. Ukanda wa kizibao cha bodaboda hufanya kazi hiyo kwa vishanga vidogo sana vya kioo, na mwaka 1934 Mwingereza Percy Shaw alitumia vishanga vya kioo kutengeneza macho ya paka yanayopandwa katikati ya barabara. Hakuna betri, hakuna waya. Kipande cha ukanda kwenye mkokoteni kinaonekana mbali kuliko mwili wa mtu mwenye nguo nyeusi, hata kwa dimu. Vumbi likikifunika hakirudishi kitu, kifutwe kwa kitambaa.

Taa za breki za LED zinastahili sifa pia. Uzi wa globu ya kawaida unahitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kupata moto. LED inawaka papo hapo. Kwa kilomita 80 kwa saa, anayekufuata anapewa zaidi ya mita nne za ziada, karibu urefu wa gari dogo. Hapa globu ya kuchomeka ina faida halisi, ilimradi iwe nyekundu ya kutosha na imwage mwanga kwa upana.

Jirani yangu wa Njiro ana gari la pili, Noah ya kazi, nalo lilikuwa na LED za kuchomeka. Jumamosi moja usiku tulilisimamisha mahali tambarare likiutazama ukuta wa uzio wake, mita kumi tulizopima kwa futi ya fundi. Tukapima taa kutoka ardhini hadi katikati yake, sentimita 72. Ukutani tukabandika utepe kwa sentimita 62, kwa sababu dimu iliyopangwa vizuri hushuka sentimita kumi kila mita kumi. Akawasha. Hapakuwa na mstari. Mwanga ulitapakaa juu ya utepe, juu ya ukuta, hadi kwenye mpapai wa jirani wa nyuma.

Akazichomoa, akazirudisha halojeni za zamani alizokuwa ameziweka kwenye boksi la viatu. Mstari ukatokea, juu ya utepe kidogo. Akaingiza bisibisi kwenye skrubu ya nyuma ya taa, akazungusha taratibu, mstari ukashuka hadi ukalala juu ya utepe. Mkewe akatoka jikoni kuuliza tunafanya nini usiku ule, akapita mbele ya ukuta. Mwanga ulimfika juu kidogo ya magoti, maua ya kitenge chake yakang'aa. Uso wake ulibaki gizani, na macho yake yalikuwa wazi kabisa.